Cherehani kuukuu na sindano yake: historia ya uhai wa mashini za Kilbowie

Historia ya cherehani huandikwa mara nyingi kama historia ya wavumbuzi na kesi zao. Hutajwa Barthélemy Thimonnier, mshonaji wa Ufaransa aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1830, ambaye mashini zake za kushonea sare za jeshi zilivunjwa mjini Paris na washonaji waliohofia kupokonywa riziki. Hutajwa Elias Howe wa Marekani na hati yake ya mwaka 1846, kisha Isaac Merritt Singer na ya kwake ya mwaka 1851. Hapo masimulizi hufungwa. Linalosahauliwa ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya mashini hupita baada ya mvumbuzi kufa na kiwanda kufungwa. Katika kipindi hicho kirefu mashini huwa mikononi mwa watu wengine: mafundi wa mitaani, warithi, na, tangu nusu ya pili ya karne ya 20, wapenzi wanaokusanya cherehani kuukuu na kuzifufua kwa uraibu tu, bila kutarajia ujira. Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja ambalo kazi ya wapenzi hao imelifichua: kwa nini cherehani nyingine za karne ya 19 hushona hadi leo, ilhali nyingine zilizo changa kwao kwa miaka 60 zimenyamaza?

Neno lenyewe lastahili kutazamwa kwanza. Kiswahili sanifu kina cherehani, linalohusishwa na neno la Kiajemi charkh, yaani gurudumu, na ndugu yake ni cherehe, kifaa cha kunolea visu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi husikika zaidi mashini ya kushona, kwa mkondo wa Kifaransa. Waliochukua neno la kwanza walitazama kinachozunguka, waliochukua la pili walitazama kazi inayofanyika. Mpenzi wa mashini kuukuu yuko upande wa wale wa kwanza, maana jambo analolifanya kabla ya mengine yote ni kushika gurudumu na kujaribu kulizungusha.

Mara nyingi gurudumu hukataa. Mtu asiyejua hudhani kwamba chuma kimeliwa na kutu, akaitupa mashini. Kwa kawaida sivyo. Cherehani ya zamani ni chuma cha kusubu chenye sehemu chache, na kila mahali panaposuguana pamewekewa tundu la mafuta. Mafuta hayo yakikaa miongo mingi bila mashini kufanya kazi hukauka na kuwa utomvu mgumu wa rangi ya asali. Mashini hugandamizwa na kile kile kilichokusudiwa kuilinda, na hali huwa mbaya zaidi ikiwa mtu aliitia mafuta ya kupikia. Tiba yake ni mafuta ya taa, tone moja moja katika kila tundu, kungoja siku kadhaa, kuijongeza kidogo mbele na nyuma bila kutumia nguvu, kisha kuitia mafuta mepesi ya cherehani. Wengine huongeza joto la kiasi. Nyundo haina kazi hapa. Baadaye hutolewa manyoya ya pamba yaliyoshindiliwa chini ya meno yanayosukuma kitambaa, na kipande cha nguo hupitishwa baina ya visahani vinavyokaza uzi. Mkanda wa ngozi na pete ya mpira ya kuzungushia bobini hubadilishwa. Ikiwa mashini ina mota ya umeme, nyaya zilizofunikwa kwa mpira hukaguliwa kwanza, kwa kuwa mpira wa zamani hupukutika na kuacha shaba wazi. Yote hayo ni kazi ya subira zaidi kuliko elimu, na hapana haja ya kuyarefusha.

Ugumu halisi huanza gurudumu likishazunguka. Mshono wa nyuzi mbili hupatikana hivi: sindano hushuka na uzi wa juu, hufika mwisho, kisha huinuka takribani milimita 2 hivi, na kule kuinuka hufanya uzi ujikunje kuwa kitanzi kidogo karibu na tundu la sindano. Wakati huo huo ncha ya chombo kilichobeba uzi wa chini hupita ndani ya kitanzi hicho. Katika mashini nyingi za zamani chombo hicho kina umbo la mtumbwi, na ndiyo sababu Wafaransa hukiita navette, neno lililotoka katika Kilatini navis, chombo cha majini. Sindano ikiwa ndefu kidogo, au fupi kidogo, ncha hukosa kitanzi na mshono hauundiki. Ikizidi zaidi hugonga chuma na kuvunjika. Hivyo mashini ya kilo kadhaa hutegemea urefu wa kipande cha chuma chepesi kuliko unyoya, na kipande hicho hakitengenezwi na mwenye mashini. Hununuliwa.

Katika miongo ya kwanza kila mtengenezaji alikuwa na sindano zake. Wheeler na Wilson walitumia sindano iliyopinda kama mundu. Willcox na Gibbs walikuwa na yao isiyofaa penginepo. Singer naye, katika mashini yake ya nyumbani iliyopendwa sana kuanzia mwaka 1865 na iliyoitwa New Family, alitumia sindano iliyopewa namba 12x1. Baadaye ndipo ilipokuja 15x1, yenye shina lililosawazishwa upande mmoja ili mtu asiweze kuipachika kinyume. Sindano hiyo ilifaa mashini za namba 15, na pia zile za namba 27 na 28 zenye mtumbwi unaobembea, ambazo Singer alizitoa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Nchi nyingi ziliikubali. Ulaya huijua kwa namba 130/705, Japani kwa HAx1. Jina hutofautiana, kipimo ni kile kile.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Mpenzi anayeokota cherehani ya namba 27 ya mwaka 1895 hununua sindano katika duka lolote la vifaa vya ushonaji, akashona siku hiyo hiyo. Anayeokota New Family iliyo nzuri kuliko hiyo, yenye rangi isiyochubuka, hana budi kutafuta akiba za zamani au kujaribu kwa hila kuipachika sindano ya aina nyingine. Wala si suala la umri. Katika miaka ya 1950 Singer alitoa mashini ya namba 306, ya kisasa kwa wakati wake, yenye uwezo wa kushona mshono wa pindapinda; akaipa sindano yake yenyewe, 206x13, fupi kidogo kuliko 15x1. Leo sindano hiyo hupatikana kwa shida, na mwenye 306 akiweka ile ya kawaida yumo hatarini kuharibu chombo cha chini. Na katika miaka ya 1960 kampuni hiyo hiyo ilianza kuuza mashini zenye meno ya ndani ya plastiki, ambayo sasa hupasuka vipande vipande, wakati meno ya chuma ya mama zao bado yazunguka. Yafaa kusema wazi kwamba sifa ya “uimara wa zamani” inayotajwa na wauzaji wa vitu vikuukuu ni nusu ya ukweli. Chuma kilikuwa imara kweli. Lakini kilichoamua nani aishi ni ule uamuzi mdogo wa kipimo, na kule kuendelea kwa viwanda vingine kukifuata kipimo hicho.

Hata hilo la kubadilishana sehemu halikuwapo tangu mwanzo. Hadi miaka ya 1880 mafundi wa Singer walikuwa wakiendelea kusawazisha sehemu kwa tupa ili zikubaliane, na kwa hiyo sehemu ya mashini moja haikuwa na lazima ya kuingia katika nyingine. Isitoshe, kampuni haikutaka mashini zake ziishi milele. Mwaka 1856 mshirika wa Singer, Edward Clark, aliyeanzisha pia ulipaji kwa awamu, alitangaza kwamba mwenye kuleta cherehani kuukuu angepunguziwa dola 50 katika bei ya mpya. Kuukuu zilizopokelewa ziliharibiwa, ili lisitokee soko la mitumba. Kwa hiyo uchache wa mashini za kabla ya hapo katika makumbusho haukuletwa na wakati peke yake.

Cherehani zinazopita mikononi mwa wapenzi wa Uingereza zilitoka zaidi katika kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti, kilichojengwa kuanzia mwaka 1882. Mwaka 1913 kilitoa zaidi ya mashini milioni 1.3 kwa mwaka mmoja. Kila moja ilipigwa muhuri wa namba, na tangu mwaka 1900 namba hiyo ilitanguliwa na herufi: F na Y, kwa mfano, ni za Clydebank, G ni ya Elizabeth huko New Jersey. Madaftari ya namba hizo yamehifadhiwa, na mwenye mashini huweza kujua mwaka wake. Hapa pana kosa linalorudiwa na wengi: tarehe ya daftari ni siku ambayo fungu la namba liligawiwa, wala si siku mashini ilipokamilika.

Baada ya namba huja ngozi ya mashini, na hapo ndipo wapenzi wanapogombana. Mwili mweusi ulipambwa kwa picha za dhahabu, nyingine zikiiga michoro ya Misri ya kale yenye sfinksi, kisha ukafunikwa kwa vanishi ya laki. Laki huyeyuka katika spiriti. Mtu mwenye nia njema akiisugua mashini kwa spiriti ili ing'ae, hutoa vanishi, na kwa pigo la pili hutoa dhahabu. Baadhi ya wapenzi hukwangua kila kitu, wakapaka rangi mpya na kubandika picha mpya. Mashini hutoka kama iliyonunuliwa jana. Wengine huona kwamba huko ni kufuta maandishi, na hoja yao ndiyo yenye nguvu zaidi. Katika mashini iliyotumika sana dhahabu hufutika kwanza kwenye ukingo wa mbele, pale mkono na kitambaa vilipopita maelfu ya mara, na karibu na sindano huonekana mikwaruzo ya pini. Mshonaji yule hakuacha barua wala jina. Aliacha doa hilo.

Ubishi huo wahusu pia mbao. Tarehe 21 Machi 1911, huko Kilbowie, wanawake 12 waliokuwa waking'arisha makabati ya cherehani waliacha kazi, baada ya idara yao kupangwa upya kwa namna iliyowaongezea kazi na kuwapunguzia ujira. Baada ya muda mfupi wafanyakazi wapatao 11,000, karibu kiwanda kizima, walikuwa nje ya milango. Mgomo ulivunjika mwezi wa Aprili, na mamia ya watu, wakiwamo viongozi wa mgomo, walifukuzwa. Mpenzi anayekwangua kabati la miaka ile kwa msasa hadi kwenye mti mtupu aondoa kazi ya mikono ya idara hiyo hiyo. Huenda mti ukapendeza zaidi. Lakini kilichoondoka hakirudishwi kwa vanishi ya dukani.

Kipimo cha sindano, kwa upande wake, kilisafiri mbali na Uskoti. Baada ya vita vya pili vya dunia watengenezaji wa Japani waliifanya Singer ya namba 15 kuwa kielelezo cha pamoja, hata sehemu za kiwanda kimoja zikaingia katika mashini za kingine. Wachina walifuata njia hiyo hiyo, na kutoka Shanghai zikaja Butterfly za kanyagio, ambazo washonaji wa mabarazani katika miji mingi ya Afrika wanazijua vema. Fundi wa Kongo anayefungua Butterfly hufungua, kwa kweli, mchoro wa karne ya 19. Bobini yake na sindano yake zingeingia bila shida katika namba 15 iliyolala ndani ya ghala la Uskoti. Tofauti ni kwamba yeye haifufui kwa uraibu. Mashini ikisimama, watoto hawali, kwa hiyo haachi mafuta yagande.

Pande hizo mbili zimewahi kukutana. Shirika la Uingereza liitwalo Tools for Self Reliance, lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1970, lilikusanya vifaa vya mkono na cherehani zisizotumika tena, wenye kujitolea wakazikarabati, kisha zikasafirishwa hadi Tanzania, Uganda na nchi nyingine za Afrika. Mashini ya mkono au ya kanyagio, isiyohitaji umeme na inayokubali sindano ya kawaida, ilifaa safari hiyo.

Kilbowie kilifungwa mwezi wa Juni 1980. Mnara wake wa saa ulikuwa umekwisha kubomolewa mwaka 1963, na majengo yaliyobaki yalifuata. Kwenye reli ya Clydebank bado kuna kituo kinachoitwa Singer, ambapo treni husimama na watu kushuka, pasipo kiwanda cha kuwapokea. Sindano za 15x1 zinaendelea kutengenezwa, nchini Ujerumani, Japani na China.