Kazi ya Mikono kwa Mzee Aliyepiswa

Kupiswa ni neno la zamani katika Kiswahili cha mwambao. Bibi akiuliza jambo lile lile mara saba, au babu akitoka alfajiri kulitafuta jahazi lililozama tangu ujana wake, watu husema: amepiswa. Madaktari wa leo huyaita maradhi haya demensia, nao wanasema kuwa si uzee wenyewe bali ni ugonjwa wa ubongo. Qurani Tukufu imeigusa hali hii katika Surat An-Nahl, aya ya 70, na Surat Al-Hajj, aya ya 5, wanapotajwa wale wanaofikishwa umri wa unyonge, elimu waliyokuwa nayo ikawatoka. Basi si aibu, wala si uchawi. Dawa ya kuuondoa ugonjwa huu haijapatikana. Swali linalobaki nyumbani ni hili: mchana kutwa mzee huyu afanye nini?

Swali hili lina tarikhi ndefu. Nur al-Din Mahmud Zangi alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Bayezid wa Pili akajenga nyingine Edirne, katika Uturuki ya leo, mwaka 1488. Katika hiyo ya Edirne wenye maradhi ya akili waliwekwa karibu na sauti ya maji, wakapewa manukato, na msafiri Evliya Çelebi, aliyeandika katika karne ya 17, ameeleza kuwa wapiga ala na waimbaji walilipwa kwenda kuwatumbuiza mara tatu kwa wiki. Najua wako masheikh watakaokunja uso hapa. Hukumu ya muziki si mada yetu leo. Hospitali hiyo haikuwa ya wazee hasa. Lakini yatazame waliyoyaelewa watu wale: mgonjwa wa akili bado ana sikio, bado ana pua, bado anahitaji kitu cha kumshughulisha.

Ulaya walikuja kuutambua ugonjwa wenyewe baadaye. Mwaka 1901 daktari Alois Alzheimer alimpokea Frankfurt mwanamke wa miaka 51, Auguste Deter, aliyekuwa hawezi hata kuliandika jina lake sawasawa. Alipofariki mwaka 1906 daktari aliuchunguza ubongo wake kwa darubini, na mwaka huo huo akawasomea wenzake habari zake. Baada ya hapo wataalamu wengi walishughulika na darubini, na wagonjwa wakabaki wamekaa vitini. Mwaka 1958, Topeka, Marekani, daktari James Folsom alianzisha njia ya kuwakumbusha wagonjwa siku, tarehe na mahali walipo. Nia ilikuwa njema, ila njia hiyo ilipotumiwa kwa ukali iligeuka mtihani: mzee anasahihishwa asubuhi, anasahihishwa jioni, mpaka anyamaze kabisa. Uingereza wakairekebisha. Utafiti uliotolewa mwaka 2003, wa wagonjwa 201, ulitumia vikao 14 katika wiki 7 vya mazungumzo, nyimbo na michezo, na waliohudhuria wakaonekana kupata nafuu ya akili na ya maisha. Msingi wao mmoja naupenda sana: mzee huulizwa rai yake, haulizwi anachokumbuka. Usimwambie, "Huyu ni nani?" Mwambie, "Babu, waonaje, samaki huyu apikwe vipi?" Kwenye rai hakuna kukosea.

Jambo hili limejaribiwa pia hapa kwetu. Mwaka 2010 watafiti walipita katika vijiji 6 vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, wakakadiria kuwa asilimia 6.4 wana demensia. Kisha wagonjwa 34 wa huko huko wakafanyiwa vikao vile 14, vilivyobadilishwa ili viwafae hata wasiojua kusoma na kuandika. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2017, yalionyesha kuwa akili zao zilichangamka na wasiwasi wao ukapungua.

Huku Babati niliko, upande wa pili wa Arusha ukitokea Hai, kosa ninaloliona linatokana na huruma. Bibi akianza kusahau, wakwe humwambia apumzike, wakamnyang'anya ungo. Ardhi hii ni ya mbaazi, zile zile mnazozila huko pwani kwa nazi na mahamri, na mwanamke aliyezichambua miaka 50 vidole vyake vinakumbuka hata asipokumbuka mwezi. Mrudishieni ungo wake. Huko kwenu mpeni ukili asuke. Babu apewe kete za bao, ijapokuwa anazihesabu vingine. Visu na moto viwe mbali, na kazi iwe ya kweli, ifae nyumbani. Akikosea usiirudie mbele yake.

Kisha lipo la ibada. Akili ikiondoka, taklifu nayo imeondoka, lakini haki ya kukaa na wenzake haikuondoka. Yaliyohifadhiwa utotoni mara nyingi ndiyo ya mwisho kutoka. Mtu asiyelijua tena jina la mwanawe aweza kuisoma Juzuu Amma pamoja na wajukuu. Anzeni sura, mumwachie aimalize. Ijumaa mleteni msikitini, akae ubavuni mwa mwanawe, na akitamka neno katikati ya hutuba, asikaripiwe.