Kiwanja cha Pembeni mwa Mtaa wa 37

Mwaka 1914 jiji la Louisville, Kentucky, lilipitisha sheria: Mweusi asihamie penye Wazungu wengi, wala Mzungu penye Weusi wengi. Lengo, walisema, ni kuzuia ugomvi. Yaani chuki ilikuwepo tayari, na sheria ilikuja kulinda amani tu. Mimi sikubali, na shahidi wangu ni kiwanja kimoja cha upande wa magharibi wa jiji.

Kilikuwa kwenye pembe ya Mtaa wa 37 na Pflanz Avenue. Mwenyewe Mzungu, Charles Buchanan. Mnunuzi Mweusi, William Warley, mhariri wa gazeti la Louisville News na kiongozi wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Kwenye mkataba Warley aliweka sharti: halipi mpaka awe na haki ya kuishi hapo. Kesi ilipangwa hivyo makusudi, ili sheria ipimwe. Sasa angalia eneo lenyewe: nyumba 10, 8 za Wazungu na 2 za Weusi, na hizo 2 ndizo zilizokuwa karibu zaidi na kiwanja. Watu walikuwa wameshakuwa majirani!

Tarehe 5 Novemba 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta sheria ile, majaji wote kwa sauti moja. Lakini utengano ulipata njia nyingine. Mwaka 1924 bustani za jiji ziligawanywa: Shawnee ya Wazungu, Chickasaw ya Weusi, jirani kwa jirani kando ya mto Ohio. Hali hiyo ilidumu hadi 1955. Hata bondia Muhammad Ali, aliyekulia Grand Avenue jijini humo, alifanya mazoezi ya mbio Chickasaw. Mtoto anayepelekwa bustani ya watu wa rangi yake kila Jumapili haambiwi awachukie wengine. Anazoea tu kutowaona, kisha mazoea yanamtafutia sababu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika kwamba chuki hupungua watu wakikutana kwa hadhi sawa, wakishughulikia jambo moja, na wenye mamlaka wakiwaunga mkono. Lakini mwaka huohuo, Shively, nje kidogo ya jiji, nyumba ya Andrew Wade, Mweusi aliyehamia kwa Wazungu, ililipuliwa. Aliyefungwa ni Carl Braden, Mzungu aliyemsaidia kuinunua.

Nilipofika Louisville kutoka Uvira, Kongo, Mkongomani mwenzangu alinionya nisivuke Mtaa wa 9 kwenda magharibi, wanakoishi Weusi wengi. Alikuwa na miezi michache tu mjini, na huko hakuwa amewahi kukanyaga. Nikamuuliza kuna nini.

“Ndivyo wanavyosema, kaka.”