Pedali ya gitaa: Saketi huigwa, jina haliigwi

MPIGA gitaa anayetaka sauti nzito yenye mkwaruzo, kama ile ya muziki wa bluzi na roki, huhitaji kisanduku kidogo cha chuma kiitwacho pedali ya ovadraivu. Kisanduku hicho huwekwa sakafuni kati ya gitaa na amplifaya, na mchezaji hukiwasha kwa kukikanyaga.

Bei ya pedali zinazoagizwa kutoka ng'ambo huwavunja moyo vijana wengi. Hata hivyo, anayeifungua mojawapo hakuti maajabu ndani yake. Hukuta chipu moja, transista chache, dayodi mbili, na rizista na kapasita za kawaida. Vipuri vya aina hiyo huuzwa katika maduka ya elektroniki, yakiwemo yale ya barabara ya Luthuli jijini Nairobi.

Makala haya yanaeleza pedali moja ambayo imeigwa na mafundi wa nyumbani kote duniani, Ibanez Tube Screamer: ilikotoka, inavyofanya kazi, jinsi ya kuiunda, na mpaka ambao mwigaji hapaswi kuuvuka.

Kasoro iliyogeuka kuwa mtindo

Amplifaya za zamani zilitumia vali za kioo. Zilipofunguliwa sauti kupita uwezo wake, zilishindwa kubeba vilele vya mawimbi ya umeme, zikavibana na kuvikata. Kwa wahandisi hiyo ilikuwa kasoro ya kurekebishwa, lakini wanamuziki waliipenda.

Mwaka wa 1961, Marty Robbins wa Marekani alitoa wimbo Don't Worry. Gitaa la besi la Grady Martin lilisikika likikwaruza katika wimbo huo kwa sababu ya hitilafu ya mitambo ya studio mjini Nashville. Mhandisi Glenn Snoddy alishiriki kubuni kifaa cha kuiga hitilafu hiyo, na mwaka wa 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kukiuza kwa jina Maestro Fuzz-Tone.

Mwaka wa 1964, Dave Davies wa bendi ya The Kinks ya Uingereza alichanja spika ya amplifaya yake kwa wembe ili apate mkwaruzo uliosikika katika You Really Got Me. Mwaka uliofuata, Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia Fuzz-Tone katika wimbo maarufu wa Satisfaction.

Wajapani waliingia uwanjani baadaye. Kampuni ya Boss ilitoa pedali ya OD-1 mwaka wa 1977. Muda mfupi baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970, ikaja Tube Screamer ya kwanza, TS808. Licha ya jina lake, haina vali hata moja. Iliuzwa kwa chapa ya Ibanez, ambayo ni mali ya kampuni ya Hoshino, lakini iliundwa na kiwanda cha Nisshin Onpa, wamiliki wa chapa ya Maxon. Aliyeibuni ni mhandisi Susumu Tamura.

Umaarufu wake ulipanda zaidi kupitia kwa Stevie Ray Vaughan, mpiga bluzi wa Texas aliyefariki mwaka wa 1990.

Inavyofanya kazi

Fundi anayenakili mchoro bila kuuelewa huishia na kisanduku kisicholia, asijue pa kuanzia kukitengeneza. Ni muhimu basi kufahamu kazi ya kila sehemu.

Volti 9 za betri hugawanywa kwanza kwa rizista mbili zinazolingana ili kupata volti 4.5. Kiwango hicho cha kati ni kama usawa wa bahari: mawimbi ya sauti hupanda juu yake na kushuka chini yake.

Ishara ya umeme kutoka kwa gitaa hupitia transista ya kwanza. Transista hii haiikuzi ishara, bali huikinga isidhoofishwe na sehemu zinazofuata. Kisha ishara huingia katika chipu ya 4558, yenye vikuzaji viwili ndani yake.

Kikuzaji cha kwanza ndicho moyo wa pedali. Nguvu yake hutegemea uwiano wa rizista. Upande mmoja kuna rizista ya omu 51,000 ikifuatana na nyingine ya kuzungusha yenye omu 500,000, ambayo ndiyo kinobu cha kuongeza mkwaruzo. Upande wa pili kuna omu 4,700. Kinobu kikiwa chini kabisa, ishara hukuzwa takriban mara 12. Kikipandishwa hadi mwisho, hukuzwa takriban mara 118.

Sambamba na rizista hizo kuna dayodi mbili za silikoni zilizoelekezwa kinyume. Dayodi ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu, na mlango huu hufunguka volti zinapokaribia 0.6. Wimbi likizidi kimo hicho, dayodi hufunguka na nguvu ya kikuzaji hushuka. Kilele cha wimbi basi hubanwa na kuviringwa badala ya kukatwa ghafla. Aidha, ishara asilia huendelea kupita chini ya ile iliyobanwa, na ndiyo maana mguso wa vidole kwenye nyuzi haupotei.

Sehemu nyingine muhimu ni kapasita ya mikrofaradi 0.047 iliyofuatanishwa na zile omu 4,700. Kwa pamoja huweka mpaka wa hezi 720. Sauti zilizo chini ya mpaka huo hukuzwa kidogo zaidi na zaidi kadiri zinavyoshuka. Uzi mnene wa gitaa hulia kwa hezi 82 hivi. Lau ungekuzwa sawa na nyuzi nyembamba, koodi nzima ingegeuka mvumo usioeleweka. Mpangilio huo ndio unaoipa Tube Screamer sauti yake ya katikati iliyosimama, ambayo haimezwi na ngoma wala besi bendi inapocheza.

Kikuzaji cha pili huhudumia kinobu cha toni, ambacho hupunguza au kurejesha ukali wa sauti za juu. Baada ya hapo kuna kinobu cha kiwango cha sauti, halafu transista ya mwisho inayoisukuma ishara hadi kwenye amplifaya.

Rizista mbili na bei kubwa

Mwaka wa 1982, Ibanez ilitoa TS9 mahali pa TS808. Tofauti kuu ya saketi hizo mbili iko kwenye rizista mbili tu za mlango wa kutokea. TS808 ina omu 100 na omu 10,000. TS9 ina omu 470 na omu 100,000.

Hata hivyo, TS808 za enzi hiyo hutafutwa na wakusanyaji kwa bei ambayo ingenunua gitaa zuri. Anayeijua saketi anaweza kuchagua mojawapo ya matoleo hayo kwa kubadilisha vipuri viwili vya bei ya chini mno.

Vivyo hivyo, wapo wanaoiheshimu chipu ya JRC4558D kana kwamba ni hirizi. Ukweli ni kwamba 4558 ni chipu ya kawaida, iliyotumika katika mitambo mingi ya sauti. Sauti ya pedali hutokana kwanza na thamani za rizista, kapasita na dayodi zilizotajwa hapo juu.

Kuiunda nyumbani

Fundi anahitaji chuma cha kulehemu chenye ncha nyembamba, waya wa risasi ya kulehemu, koleo ndogo, mita ya kupimia umeme na ubao wenye mistari ya shaba. Kisanduku kinafaa kiwe cha chuma, kwa kuwa chuma kilichounganishwa na ardhi ya saketi huzuia mvumo kutoka nje. Anayekosa kisanduku cha kiwandani anaweza kukunjiwa bati na mafundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji.

Hekima ni kuanza na vipuri vifupi, yaani rizista na dayodi, kisha kapasita, na mwisho transista. Chipu isilehemiwe moja kwa moja. Lehemu soketi yake kwanza, halafu chipu ichomekwe kazi ikiisha, ili joto lisiiharibu na iwe rahisi kubadilishwa.

Vipuri vingine vina upande. Dayodi ina mstari mwishoni, kapasita kubwa za maji zina alama ya hasi, na chipu ina kidoti au pengo linaloonyesha mguu wa kwanza. Miguu ya transista nayo haifuati mpangilio mmoja kwa kila aina, hivyo ni lazima kuhakikisha kabla ya kulehemu. Kipuri kilichogeuzwa ni miongoni mwa sababu za kawaida za pedali kukataa kulia.

Kabla ya kuunganisha gitaa, pima chipu. Mguu wa 8 unafaa kuonyesha karibu volti 9, mguu wa 4 sufuri, na miguu mingine yote karibu volti 4.5. Mguu mmoja ukitofautiana sana na hiyo mingine, kosa liko jirani yake.

Baada ya pedali kulia, mwenye kuielewa anaweza kuirekebisha apendavyo. Kapasita ya mikrofaradi 0.047 ikibadilishwa kwa ya 0.1, mpaka hushuka hadi hezi 340 hivi na besi huongezeka. Dayodi ya pili ikiongezwa upande mmoja, vilele vya juu na vya chini hubanwa kwa vimo tofauti, kama ilivyokuwa katika OD-1 ya Boss. Dayodi za taa zikitumika badala ya zile za kawaida, sauti huwa kubwa zaidi na mkwaruzo hupungua.

Tahadhari mbili ni za lazima. Kwanza, pedali ya betri ya volti 9 haina hatari ya kumpiga mtu umeme, lakini stima ya nyumbani ya volti 240 huua. Usijiundie kifaa cha kubadilisha stima hiyo. Tumia betri au adapta iliyo salama, na uhakikishe chanya na hasi ya adapta zinalingana na za pedali. Katika pedali nyingi, pini ya katikati ndiyo hasi.

Pili, ustadi wa kuunda pedali si kibali cha kufungua amplifaya ya vali. Humo mna mamia ya volti, na kapasita zake zaweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa.

Sheria inasemaje?

Swali linaloulizwa mara kwa mara ni iwapo kuiga ni wizi. Historia ya Ibanez yenyewe ina funzo. Mwaka wa 1977, kampuni iliyomiliki Gibson wakati huo ilishtaki tawi la Hoshino nchini Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha magitaa ya Ibanez, lililofanana na la Gibson. Kampuni iliyoshtakiwa kwa kuiga ndiyo iliyokuja kuuza pedali inayoigwa kila pembe ya dunia.

Kwa jumla, mpangilio wa vipuri katika saketi hulindwa kwa hataza, na muda wa hataza una kikomo. Chini ya Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya mwaka wa 2001, hataza hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Saketi ya Tube Screamer imepita umri huo zamani. Jambo tofauti ni mchoro uliochorwa na mtu kwa mkono wake, ambao una hakimiliki kama kazi nyingine yoyote. Jina na nembo ya biashara navyo havizeeki mradi mwenyewe anaendelea kuvisajili na kuvitumia.

Mfano bora ni Klon Centaur, pedali iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1994 na Mmarekani Bill Finnegan. Aliifunika saketi yake kwa gundi nyeusi iliyoganda ili isisomeke. Gundi haikufua dafu: mafundi waliibandua, wakachora saketi, na nakala zikaenea. Hata hivyo, Finnegan alipokwenda mahakamani mwaka wa 2024 dhidi ya kampuni ya Behringer, malalamiko yake yalihusu jina na sura ya pedali aliyodai zilitumiwa kuwapotosha wanunuzi.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Kijana anayejiundia pedali ya kutumia kanisani au katika bendi ya mtaani hana sababu ya kujificha. Akizidi kuwa stadi na kuanza kuwauzia wenzake, aipake rangi aitakayo na kuiandika jina lake mwenyewe. Akiibandika jina la Ibanez, atakuwa muuzaji wa bidhaa ghushi, na mteja aliyedanganywa hatajali kwamba kazi ya ndani ilifanywa kwa ustadi.