Tiara, Korongo na Glaida

Asiatique ni mtaa wa Bujumbura ambao jina lake, neno la Kifaransa lenye maana ya “wa Waasia”, limehifadhi mpango wa mji wa kikoloni ulioitwa Usumbura, ambamo utawala wa Kibelgiji uliwatengea watu makazi kwa kufuata asili zao: Wazungu mahali pao, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu mahali pao, na Waswahili huko Buyenzi. Magharibi mwa mji liko Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake ni kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mashariki huinuka milima ambayo katika kilele cha Heha hupita mita 2,600. Mahali kama hapa, ambapo maji, tambarare na mlima hupokezana joto mchana na usiku, upepo haukosi kazi. Na historia ya glaida, yaani ndege isiyo na injini inayobebwa na hewa peke yake, ni historia ya watu waliojifunza kuusoma upepo wa namna hiyo. Historia hiyo husimuliwa kwa kawaida kama mali ya Ulaya, lakini ikifuatwa hadi kwenye mizizi yake huonekana kuwa imechota kutoka Asia na Afrika Mashariki, na kwamba hatua yake ya kwanza ilitanguliwa na chombo kidogo.

Chombo hicho kilikuwa tiara, mwalimu wa kwanza. Uchina iliijua tangu zama za kale, na katika Gujarat, eneo la India ambalo ndilo asili ya familia nyingi za Kihindi za Afrika Mashariki, sikukuu ya Uttarayan huadhimishwa kila tarehe 14 Januari kwa kurusha tiara juu ya mapaa. Watoto wa pwani ya Waswahili nao huiunda kwa karatasi na chelewa, ile njiti ngumu ya katikati ya ukuti, kisha huiachia uzi kidogo kidogo hadi upepo uishike. Katika mchezo huo mna elimu kamili ya kuruka: karatasi iliyoinamishwa kidogo husukumwa juu na hewa inayoipiga, uzi huizuia isichukuliwe, na mkia huituliza isipinduke. Mwaka 1804 Mwingereza George Cayley alichukua tiara ya kawaida, akaifunga juu ya ufito wenye urefu wa takriban mita 1.5, akaweka nyuma yake mkia unaoweza kugeuzwa, kisha akaurusha mtambo huo kutoka mlimani bila uzi. Hiyo ilikuwa glaida ya kwanza yenye umbo la ndege za leo, na ilikuwa mfano mdogo tu. Ile kubwa, iliyombeba mtu, Cayley aliirusha mwaka 1853, karibu miaka 50 baadaye.

Mwalimu wa pili alikuwa ndege mwenye uhai. Mjerumani Otto Lilienthal aliwachunguza korongo weupe kwa miaka mingi, akapima mbawa zao na kuonyesha kwamba ubawa uliopinda kidogo huinua uzito mkubwa kuliko ubao ulionyooka, akayachapisha matokeo yake mwaka 1889, na kuanzia mwaka 1891 akaruka mwenyewe kwa mbawa alizoziunda, mara zipatazo 2,000, hadi alipoanguka na kufariki mwezi Agosti 1896. Korongo hao huzaa Ulaya, lakini miezi ya baridi ya huko wengi wao huipitisha Afrika, wakishuka kwa njia ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo ndege aliyemfundisha Lilienthal ni msafiri anayezijua anga za huku sawasawa na za Ujerumani.

Desturi ya kukutana mlimani kwa ajili ya glaida ilizaliwa na vita. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliibana Ujerumani katika utengenezaji wa ndege zenye injini, na mwaka uliofuata Oskar Ursinus, mhariri wa jarida la urubani, aliwaita vijana kwenye mlima Wasserkuppe, wenye kimo cha mita 950, washindane kuruka bila injini. Mwaka 1922 glaida iitwayo Vampyr, iliyoundwa na wanafunzi wa Hannover, ilikaa hewani zaidi ya saa moja kwa kuutegemea upepo unaogonga mteremko na kulazimika kupanda. Mikutano hiyo ilifanywa kila mwaka, ikawa shule, soko la mawazo na sherehe kwa pamoja.

Mikutano ya leo ya mwisho wa wiki, ya glaida ndogo zinazoongozwa kwa redio, ni mrithi wa desturi hiyo. Mwaka 1937 ndugu mapacha wa Marekani, Walter na William Good, waliirusha ndege ndogo yenye injini wakiiongoza kutoka ardhini kwa mawimbi ya redio, na baada ya vyombo vya redio kuwa vyepesi, waundaji wa glaida nao waliweza kuugeuza usukani wa ndege isiyoshikwa na mtu wala uzi. Wapo wanaounda glaida za kipimo, maana yake nakala halisi ya ndege iliyowahi kuruka, iliyopunguzwa kwa uwiano mmoja kila mahali: glaida iitwayo Minimoa, ya mwaka 1935, yenye mbawa za mita 17, ikipunguzwa mara nne huwa na mbawa za mita 4.25, pamoja na mbavu za mbao, kitambaa, na hata sanamu ya rubani kitini. Kanuni ya vipimo, hata hivyo, haina huruma, kwa kuwa urefu ukigawanywa kwa nne, eneo la mbawa hugawanywa kwa 16 na ujazo kwa 64. Uzito ukifuata ujazo, nakala hiyo huruka kwa nusu ya mwendo wa ndege mama, na upepo ambao kwa ndege kubwa ni mchezo huwa kwake ni dhoruba. Ndiyo sababu katika mikutano hiyo watu huanza kwa kuutazama upepo, kisha ndege ndogo yenye injini huivuta glaida kwa kamba hadi juu, kamba ikaachiwa, na mwongozaji akaanza kuitafuta hewa ya joto inayopaa. Thamani ya kazi hii hupita mchezo, maana glaida nyingi za miaka ya 1930 zimeharibika au zimefungiwa katika majumba ya makumbusho, na nakala hizi ndizo zinazowaonyesha walio hai jinsi zilivyoruka.

Afrika Mashariki ilichangia hatua nyingine muhimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanabiolojia Colin Pennycuick, aliyewahi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alirusha glaida yenye injini ndogo ya kujisaidia juu ya Serengeti, akawafuata tumbusi, mwari na korongo weupe ndani ya hewa inayopaa, akipima mwendo wao na kasi ya kushuka kwao. Alichokianza Lilienthal kwa kusimama chini na kutazama juu, Pennycuick alikiendeleza akiruka ubavuni mwa ndege wale wale. Ziwa Tanganyika lenyewe lilikuwa limeijua eropleni mapema zaidi, kwa sura tofauti kabisa: mwezi Juni 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ndege za Wabelgiji zinazotua majini, zilizofikishwa kwenye ufuko wake wa magharibi kwa safari ndefu, ziliishambulia Kigoma kwa mabomu, na mwezi huo huo majeshi ya Kibelgiji yaliingia Usumbura.

Tangu hapo anga za Bujumbura zimebadili wenyewe mara nyingi, lakini utaratibu wa upepo wake umebaki: mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupaa na upepo wa ziwani huingia kuijaza nafasi, usiku mambo hugeuka, na hewa iliyopoa huteremka milimani kuelekea majini. Huo ndio mtaji wa glaida, nao haununuliwi. Mtoto wa Asiatique mwenye karatasi, njiti na uzi anashika mkononi chombo kile kile alichoanza nacho Cayley mwaka 1804, na kila anapoulegeza uzi kwa kuuhisi upepo kidoleni anasoma somo la kwanza la urubani.