Nduru ya Usiku, Baraza la Asubuhi

Sheria ya Kenya inajua usiku unaanza saa ngapi. Kanuni ya Adhabu inasema usiku ni kuanzia saa 12:30 jioni hadi saa 12:30 asubuhi. Huku kwetu, ambako ikweta inakata barabara kati ya Nkubu na mji wa Meru, hesabu hiyo inakaribia ukweli mwaka mzima. Mtu akivunja nyumba yako mchana ili aibe, kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Akivunja mlango uleule baada ya saa hiyo ya jioni, kinaweza kufika miaka 10. Aliyeandika sheria alielewa jambo ambalo kila mwenye boma analijua, kwamba mgeni wa giza si sawa na mgeni wa mchana.

Lakini kifungu hicho hakikuambii ufanye nini saa nane usiku, mbwa anapobweka mara tatu kisha ananyamaza ghafla. Utoke na panga? Au ujifungie, upige simu, ungoje polisi? Nimesikia swali hili likibishaniwa matangani, ndani ya matatu za Embu na mbele ya chifu, kila mara kana kwamba lina majibu mawili tu. Wazee wetu walikuwa na jibu la tatu. Sisi tumebaki na nusu yake, na nusu hiyo ndiyo inayoua watu.

Nianze nyumbani. Baba yangu aliweka tochi na panga chini ya kitanda, kama wanaume wengi wa upande wetu wa Embu, kwenye kahawa. Nikiwa darasa la sita, nduru ililia usiku kwa jirani. Baba alivaa gambuti, akatoka. Tulibaki na mama, mlango tumeuegemeza kwa gunia la mahindi, tukisikiliza sauti zikikusanyika, kisha zikipanda, kisha zikiisha. Alirudi alfajiri. Alinawa miguu kwenye bomba la nje kwa muda mrefu sana. Aliyekamatwa alikuwa kijana tuliyemjua. Msimu uliotangulia alikuwa ametuchumia kahawa. Hakufika kituoni. Wakati wa chai baba alisema neno moja tu: "Aliomba maji." Panga ikahamia stoo, na tangu siku hiyo sikumwona akitoka tena kwa nduru ya mtu.

Kwa miaka nilidhani baba alikuwa ameingiwa na woga. Nilipoanza kusoma historia ya sehemu hizi, nikaona kwamba alikuwa ameingia katika mgogoro wa zamani kuliko yeye.

Kabla ya Waingereza, ulinzi wa Meru ulikaa kwenye gaaru, nyumba kubwa ya vijana waliotahiriwa. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi maisha ya kila mgongo wa kilima yalivyozunguka vijana hawa. Ng'ombe walikuwa mali, na majirani walikuja kuwachukua, kama Wameru nao walivyokwenda kuchukua ya wenzao. Kwa hiyo mwenye boma hakuwa peke yake gizani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga nduru. Kazi ya anayeisikia ilikuwa kuja.

Tazama hekima iliyo hapo. Swali letu la leo, la kutoka au kungoja, limetungwa kwa ajili ya mwanaume mwenye nguvu na panga. Shosho anayelala peke yake na mbuzi wawili hawezi kumkabili mtu, na akingoja gari la polisi, litapata mbuzi walishaondoka. Lakini sauti anayo. Nduru ilikuwa silaha ya mjane na ya mtoto pia.

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili ilikuja kulipopambazuka. Kulikuwa na wazee, na mabaraza ya ngazi kwa ngazi, hadi Njuri Ncheke, baraza kuu la Ameru. Mali ilihesabiwa, ukoo wa mwizi ukaitwa, fidia ikapangwa kwa mifugo. Sisemi ulikuwa wakati wa malaika. Watu waliuawa, na kwa mwizi sugu adhabu ilikuwa kali mno. Hata hivyo, hata ukali ulikuwa na breki. Kwa majirani zetu Wakamba kulikuwa na king'ole, hukumu ya kumuua mchawi au mwizi aliyeshindikana. Charles Dundas, ofisa wa kikoloni aliyefanya kazi Kitui, aliandika kuihusu miaka ya 1910, na jambo moja katika maelezo yake limenikaa kichwani: jamaa wa karibu wa mshtakiwa alipaswa kukubali kwanza. Fikiria uzito wa sharti hilo. Kabla mkono haujainuliwa, mtu wa damu yake anatazamwa machoni na kuulizwa. Hakuna hasira inayoweza kudumu muda wote huo bila kupoa kidogo.

Waingereza walifungua kituo cha Embu mwaka 1906, na cha Meru mwaka 1908 chini ya Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Serikali mpya ilikuja na ahadi ambayo serikali zote hutoa: acheni mikuki, nguvu ni kazi yetu. Lakini nguvu hiyo ilikuwa mbali na kilima usiku. Badala ya kumleta askari kila mgongo, koloni ilitunga sheria ya adhabu ya pamoja, mwaka 1909, iliyoruhusu jamii nzima kutozwa faini kwa kosa la wachache. Mwaka 1913 ikaja sheria ya wizi wa mifugo na mazao, ambayo mzao wake bado umo katika vitabu vyetu. Polisi wa Kikabila, waliokuwa mkono wa chifu, waliwekewa sheria yao mwaka 1929. Mwaka 1958 wakageuka kuwa Administration Police, hawa AP tunaowajua.

Kwa mabaraza ya wazee, ujumbe ulikuwa mchanganyiko. Mkuu wa wilaya H. E. Lambert, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa utafiti wake wa lahaja za pwani, aliipa Njuri Ncheke nafasi katika utawala wa Meru. Lakini kuhusu uhai wa mtu, mlango ulifungwa. Mwaka 1932, Mahakama Kuu ya koloni iliwahukumu wanaume 60 wa Ukambani kunyongwa, kwa kesi moja, kwa kumpiga hadi kufa mwanamke aliyeshukiwa uchawi. Utetezi ulisimama juu ya king'ole, kwamba hii ni desturi. Mahakama haikukubali. Hukumu ya kifo ilibadilishwa baadaye, ila fundisho lilibaki: kijiji kizima kikipiga, kijiji kizima kimeua. Mimi nadhani mahakama ilikuwa sahihi. Kosa la koloni lilikuwa kuiondoa breki ya wazee bila kuweka nyingine kilimani, ambako nduru iliendelea kulia.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952. Wakikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa kwenye kapu moja. Kuanzia mwaka 1954 watu walihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungukwa na handaki na miti iliyochongwa. Kafyu ilikuwa kuanzia machweo hadi macheo. Mtu aliyeonekana nje usiku angeweza kupigwa risasi bila kuulizwa anakwenda kwa nani. Jirani yako akipiga nduru, unatoka? Wengi walijifunza kulala kimya, na somo hilo halikuisha kafyu ilipoisha.

Waliobaki na ruhusa ya kutoka ni Home Guard, walinzi wa kijiji wa upande wa serikali. Hata wao hawakuwa salama. Mwezi Juni 1953, kule Chuka, wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Meru, wanajeshi wa King's African Rifles waliua takriban watu 20 wasio na hatia. Miongoni mwao walikuwemo Home Guard, watu waliokuwa wakililinda eneo lao kwa niaba ya serikali ileile. Ofisa aliyesimamia kikosi, Gerald Griffiths, alifungwa miaka 5 mwaka 1954, lakini kwa makosa mengine. Kwa vifo vya Chuka hakuna aliyefungwa. Nikisimama Chuka leo, kwenye kelele za stendi, nafikiria wale walinzi. Walifanya kile ambacho serikali inawaambia wananchi wafanye mpaka leo, washirikiane na vyombo vya usalama.

Basi tulipofika 1963 tulirithi mambo mawili yanayopingana: mazoea ya kunyamaza, na nduru isiyo na wazee wa asubuhi. Nduru ikilia, wachache wanatoka, na wanaotoka wanatoka na hasira ya wote. Nenda Igembe na Tigania. Miraa huchumwa kila baada ya majuma machache, kwa hiyo mwizi wa usiku mmoja anaondoka na karo ya shule. Vijana wanalinda mashamba kwa tochi na panga, na habari za mtu kuuawa kwa mafungu ya miraa hazimshtui tena mtu. Upande wa Mbeere ni vivyo hivyo na muguka.

Sheria ya leo haikuachi mikono mitupu. Kanuni za Mwenendo wa Mashtaka zinamruhusu mwananchi kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, na mwenye mali kumkamata anayeiharibu, mradi amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kuhusu nguvu ya kujitetea, kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinatupeleka kwenye misingi ya sheria ya Uingereza, na majaji wetu hurejelea mara nyingi kesi ya Palmer ya mwaka 1971, iliyotoka Jamaika. Kiini chake ni cha kibinadamu: aliye hatarini hawezi kupima pigo lake kwa mizani. Lakini hatari ikishapita, pigo linalofuata si la kujitetea. Mtu aliyelala chini na mikono imefungwa, akiomba maji, hatari yake imepita.

Kuna watakaoniambia: wewe unaandika, sisi tunaibiwa. Polisi tukiwapigia wanasema gari halina mafuta. Na mtuhumiwa akipelekwa, Ijumaa yuko ndani, Jumatatu tunakutana naye sokoni. Sipuuzi. Dhamana ni haki ya kila mtuhumiwa, ila aliyeibiwa huiona kama dharau. Hata hivyo, tazameni ng'ambo ya pili ya mlima. Aprili 2009, wanakijiji wa Kirinyaga na Mathira, walipochoshwa na ushuru wa Mungiki, walijiundia vikosi na kuanza kuwasaka. Mungiki walilipiza kisasi kijijini Gathaithi, karibu na Karatina, na watu 29 wakauawa usiku mmoja. Umati ukiua, upande wa pili hurudi na umati wake.

Mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, serikali ilituletea Nyumba Kumi, wazo lililoazimwa Tanzania, ambako mabalozi wa nyumba kumi walianza na TANU miaka ya 1960. Tanzania nayo ilikuwa na sungusungu, walioanzia Usukuma na Unyamwezi mapema miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe. Walifaulu sana, na pia waliua, hasa vikongwe walioitwa wachawi. Huko pia, nduru ilitangulia na breki zikachelewa. Kwetu, sehemu nyingi Nyumba Kumi imekuwa kikao cha kupitisha barua za chifu. Ingeweza kuwa zaidi.

Kwa hiyo, nikiulizwa saa nane usiku, jibu langu ni hili. Usitoke peke yako. Hujui wako wangapi wala wana nini. Usinyamaze pia. Washa taa, piga nduru, piga simu kwa jirani kabla ya polisi kisha kwa polisi, maana jirani yuko karibu. Anayesikia, aje. Na kila kundi la nyumba kumi limchague mapema, mchana, mtu mmoja au wawili wenye umri na sauti, ambao kazi yao usiku ni moja tu: kusimama kati ya aliyekamatwa na walio na panga, mpaka atakapokabidhiwa. Wawe ndio wazee wa asubuhi, walioamka mapema kidogo.

Nilimuuliza baba, miaka michache kabla hajafariki, kama usiku ule kulikuwa na mtu aliyejaribu kuwazuia. Alikaa kimya kwa muda. Akasema walikuwepo watatu, yeye akiwa mmoja wao, lakini kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze kusema.