Miguu ya Mbele: Historia ya Ufundi wa Usukani Pwani ya Bagamoyo

Kuanzia Mto Mpiji hadi Mto Wami na Saadani, gari hupita katika ardhi za namna mbili. Karibu na bahari kuna mchanga unaomeza tairi. Katika mabonde ya Ruvu na Wami kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi hukauka na kupasuka mapengo, na masika hugeuka tope la kunata. Juu ya hayo kuna chumvi, inayoletwa na hewa ya bahari na kuzidi karibu na mashamba ya chumvi ya Nunge na Saadani. Mchanga, tope na chumvi hushambulia zaidi miguu ya mbele ya gari, kwa sababu hapo ndipo gari hubeba uzito, hukata kona na, kama magurudumu yake yote manne yanasukuma, husukumwa pia. Ufundi wa usukani wa pwani hii umezaliwa na ardhi hiyo, na umebadilika kila aina mpya ya gari ilipoingia.

Gari lilichelewa kufika Bagamoyo. Karne ya 19 mizigo ya bara iliingia na kutoka mjini humo mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, na reli ya kati iliyoanza kujengwa mwaka 1905 nayo ilianzia Dar es Salaam, hadi ikafika Kigoma mwaka 1914. Bagamoyo ikabaki kando ya njia kuu. Hata Paul Graetz, Mjerumani aliyeondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907 na kuvuka Afrika kwa gari hadi Swakopmund, alikofika tarehe 1 Mei 1909, alielekea Morogoro moja kwa moja. Barabara ya kilomita zipatazo 70 kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo ilibaki ya udongo na mchanga kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata, na hilo ndilo lililoamua ni magari gani yangedumu huko.

Vita Kuu ya Pili iliongeza mafundi kuliko shule yoyote ya wakati ule. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walijifunza udereva na umekanika jeshini, wengine katika kikosi cha mafundi wa umeme na mitambo cha Afrika Mashariki, wakarejea makwao baada ya mwaka 1945 wakiwa na ujuzi wa kufungua ekseli na kuifunga tena. Miaka michache baadaye wakapata gari la kuutumia ujuzi huo. Land Rover ilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na haikuchukua muda ikawa gari la serikali, la misheni, la mabwana shamba na la askari wa wanyamapori kote Tanganyika.

Mbele ya Land Rover za kwanza panastahili kuangaliwa kwa karibu, maana hapo ndipo fundi wa pwani alipojifunzia karibu kila kanuni anayoitumia hadi leo. Ekseli ni moja, imara, imelala juu ya springi za pasi. Kila mwisho wake kuna tufe la chuma lililopakwa kromu, na nyumba ya gurudumu huzunguka juu ya tufe hilo ikishikwa na pini mbili, ya juu na ya chini, ambazo mafundi huziita kingpini. Oilsili hufuta tufe kila usukani unapokatwa. Chumvi ikiila kromu na kuacha vitobo, oilsili huchanika, oili humwagika, mchanga huingia, na kingpini huanza kulika. Nguvu ya usukani nayo haiendi moja kwa moja kwenye gurudumu: hutoka kwenye boksi la stelingi, hupita kwenye fimbo ndefu hadi relei, kiungo cha kupokezana nguvu kilichochomekwa ndani ya chuma cha mbele cha chasisi, ndipo ifike kwenye tairodi. Njia hiyo ina maungio sita ya tairodi, na kila moja likilegea kidogo, dereva huhisi jumla ya ulegevu wote.

Kazi ilipokuja gereji, kwa kawaida ilikuwa kubadilisha bushi, kingpini na maungio ya tairodi. Tatizo lililoendelea kuwasumbua mafundi ni kwamba gari lenye vifaa vipya lilitoka mara nyingi likiwa na usukani mbaya kuliko lilivyoingia. Sababu kubwa ilikuwa vibati vyembamba, yaani shimu, vinavyowekwa chini ya kifuniko cha kingpini. Ukitoa kibati kimoja zaidi ya inavyotakiwa, kingpini hubanwa mno: usukani huwa mzito na haurudi wenyewe baada ya kona. Ukikiongeza, kingpini hulegea, na tairi za mbele zikipiga shimo hutikisika kushoto na kulia kwa nguvu hata dereva ashindwe kuushika usukani. Kipimo sahihi kilihitaji mizani ya springi, ya aina ileile inayoning'inizwa kupimia samaki. Tairodi hufunguliwa, oilsili hutolewa, ndoano ya mizani hutiwa kwenye mkono wa kugeuzia gurudumu, kisha fundi huvuta taratibu na kusoma uzito unaotosha kuligeuza. Kiasi hicho kimeandikwa katika kitabu cha kiwanda. Fundi asiye na mizani huvuta kwa mkono na kukisia, na wazoefu hukisia vizuri ajabu, lakini mkono wa mtu mmoja haufanani na wa mwingine.

Relei ilikuwa na balaa lake. Imo ndani ya chasisi, haionekani, na mafuta yake yakikauka hukwama polepole. Fundi aliyebadilisha tairodi zote bila kuigusa alishangaa usukani kubaki mzito, akarudi kulaumu vifaa vipya. Kuitoa iliyoshikwa na kutu ya chumvi ni kazi ya nyundo, moto na subira, na ndiyo maana wengi waliiruka.

Kutafuta kosa kulifuata utaratibu unaofaa kuheshimiwa, kwa kuwa hauhitaji chombo ghali. Gurudumu huinuliwa kwa jeki, hushikwa juu na chini, kisha hutikiswa. Likicheza, msaidizi hukanyaga breki: mchezo ukiisha, kosa liko kwenye beringi za gurudumu, ukibaki, kosa liko kwenye kingpini. Baadaye gari hushushwa, msaidizi huuchezesha usukani kidogo kidogo, na fundi, akiwa amelala chini, huweka kiganja juu ya kila ungio kwa zamu. Kiganja huhisi mlegeo ambao jicho halioni. Vijana wa gereji walianza hivyo, kwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa na kukaa nyuma ya usukani fundi mkubwa akiwa mvunguni.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1970, kupanda kwa bei ya mafuta na Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliiacha nchi bila fedha za kigeni, na spea zikaadimika. Bushi zilikerezwa upya kwa shaba, nyingine zilikatwa kutoka tairi kuukuu, na maungio ya tairodi yaliyochakaa yalirudishiwa uhai kwa kujazwa na kubanwa. Shirika la Nyumbu mjini Kibaha, katika Mkoa huohuo wa Pwani, lilijaribu kuunda lori la Kitanzania. Ustadi wa miaka hiyo ulikuwa wa kweli. Lakini uliacha pia tabia ya kukubali vifaa visivyolingana upande wa kushoto na wa kulia, na gari la namna hiyo huvuta upande mmoja hata likipimwa vipi. Serikali iliporuhusu mwaka 1984 watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, spea zilirudi madukani, ndipo ikaonekana tofauti ya kifaa kipya na kilichokarabatiwa.

Mwaka 1983 Land Rover ilitoa modeli ya 110, yenye springi za koili na magurudumu manne yanayosukuma muda wote. Hapo kanuni ya zamani iligeuka. Tairi za mbele za Land Rover za kale, zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma barabarani, hupangwa zikaribiane kwa mbele kuliko kwa nyuma, kati ya milimita 1.2 na 2.4. Za 110 hupangwa kinyume chake: ziwe sambamba au ziachane kwa mbele hadi milimita 2, kwa sababu zikisukumwa hujivuta zenyewe kwenda ndani. Fundi aliyezoea kutandaza uzi ubavuni mwa tairi na kupanga kama alivyofundishwa alilipanga gari jipya kwa kipimo cha gari la zamani, likayumba na kula tairi. Springi za koili zilileta pia fimbo inayoizuia ekseli isihame pembeni. Bushi zake za mpira zikikazwa gari likiwa bado juu ya jeki, hujipinda gari likishuka, huchakaa mapema, na mtikisiko hurudi. Wanaoweka springi ndefu ili gari lipite kwenye tope hupunguza mlalo wa kingpini wa nyuzi 3, nao usukani hupoteza uwezo wa kujirudisha katikati.

Toyota Land Cruiser za 70, zilizotoka mwaka 1984, zilichukua nafasi ya Land Rover katika hifadhi na miradi. Ekseli yao ni imara vilevile na shimu zao hupimwa kwa mizani vilevile, hivyo mafundi walivuka bila taabu kubwa. Taabu ilikuja na lami. Barabara ya Bagamoyo ilipowekwa lami mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ile ya kutoka Bagamoyo hadi Msata katika miaka ya 2010, magari yaliyokuwa yakienda kilomita 30 kwa saa yakaanza kwenda 80. Mlegeo uliofichwa na mashimo ukajitokeza kama mtetemeko, na mtu akadhani lami imemharibia gari. Wakati huohuo yalizidi kuingia magari kama Prado ya 1996, ambayo kila gurudumu la mbele lina mikono yake na boljointi zake. Kwa hayo uzi hautoshi tena, maana kubadilisha mkono mmoja hubadilisha pembe kadhaa kwa pamoja, na mashine za alaimenti zimekuwa sehemu ya kawaida ya gereji kubwa za barabara ya Bagamoyo.

Kwa magari ya ekseli imara yanayokwenda Saadani, utaratibu haujabadilika sana. Hewa ya tairi na beringi hukaguliwa kwanza, kisha kingpini, kisha maungio na relei kwa Land Rover za kale. Boksi la stelingi huwekwa katikati ya mzunguko wake kabla ya kurefusha au kufupisha fimbo, si kwa kung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka, kwani njia hiyo huficha kosa tu. Nafasi ya tairi hupimwa mwisho, gari likiwa chini na limesukumwa mbele kidogo ili springi zikae.