Sanamu ya Lusinga na Kipimo cha Nyara

Jumba la Makumbusho la Lubumbashi lilianzishwa mwaka 1946, mji ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville. Kitu kimoja mashuhuri katika historia ya Katanga hakimo humo: sanamu ya mti ya mhenga, iliyokuwa ya Lusinga lwa Ng'ombe, mtawala wa Watabwa magharibi mwa Ziwa Tanganyika. Sanamu hiyo imo katika makumbusho ya Tervuren, karibu na Brussels.

Namna ilivyofika huko si fumbo. Mwaka 1883 Émile Storms, afisa wa jeshi la Ubelgiji aliyetumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoongozwa na Mfalme Leopold II, alijenga kituo Mpala. Desemba 1884 aliwatuma watu wenye bunduki kumshambulia Lusinga. Walimwua, wakamkata kichwa, wakarudi nacho. Storms aliyaandika mambo hayo katika shajara yake. Sanamu aliiweka nyumbani kwake Brussels. Katika miaka ya 1930, yeye akiwa amekwisha kufariki, mjane wake aliitoa kwa makumbusho. Fuvu la Lusinga nalo limehifadhiwa Brussels, katika taasisi ya sayansi za maumbile.

Ubelgiji yenyewe imepata kuporwa. Tarehe 5 Januari 1943 serikali yake, ikiwa uhamishoni London, ilikuwa miongoni mwa zilizotangaza kwamba uhamisho wowote wa mali kutoka nchi zilizovamiwa ungeweza kubatilishwa, hata kama ulivishwa sura ya biashara halali. Mwaka 1945 michoro ya altare ya Ghent, kazi ya ndugu Van Eyck, ilikutwa katika mgodi wa chumvi wa Altaussee, Austria, Wanazi walikoificha, ikarudishwa kwao. Mwaka 1998, huko Washington, mataifa 44 yaliafikiana kwamba sanaa iliyoporwa na Wanazi itafutwe katika kumbukumbu, itangazwe, na wenyewe au warithi wao watendewe haki. Msingi wa yote ni mmoja: miaka kupita haigeuzi nyara kuwa milki.

Kwa kipimo hicho, madai ya Watabwa hayapungukiwi ushahidi, kwani mporaji mwenyewe ndiye shahidi. Lakini sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 kuhusu kurejesha mali za kikoloni, iliyopitishwa majuma machache baada ya Mfalme Philippe kuhutubia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, inahesabu ukoloni nchini Kongo tangu Februari 1885 hadi Juni 1960. Lusinga aliuawa takriban miezi mitatu kabla. Aidha, sheria hiyo haigusi mabaki ya binadamu. Kwa hiyo sanamu imeachwa nje kwa sababu ya tarehe, na fuvu kwa sababu ya aina yake.

Huko Ulaya, uvamizi ulihesabiwa tangu askari walipoingia. Kwa Watabwa, askari waliingia kabla ya mkataba wa Berlin kutiwa saini. Wanahistoria wa Lubumbashi wana wajibu wa kuidai tarehe hiyo kwanza, kisha sanamu.